Shimo Nyuma ya Ukuta

Ndugu zangu, amani ya Bwana iwe kwenu, naye asifiwe, kwa kuwa nimekuja na mama mkwe wangu. Yule pale, kwenye kiti cha mbele.

Mnajua tunavyojenga hapa mjini Baraka. Udongo tunauchimba palepale kiwanjani, tunaukanyaga kwa maji, tunafyatua matofali na kuyaanika. Ni ujenzi mzuri, msiudharau. Lakini unataka kiangazi, na shimo lililotoa udongo linataka kuwa mbali na nyumba, au lifukiwe. Letu lilibaki nyuma ya chumba cha mama mkwe. Mume wangu alisema tutalifanya choo. Kisha akaenda Lulimba kuchimba dhahabu, na mvua ikaanza.

Ilinyesha mpaka shimo likajaa. Ndani hatukuona maji; yalikuwa yakilainisha ukuta kutoka chini, kimyakimya. Asubuhi moja nikaona ufa juu ya kitanda cha mama mkwe. Adhuhuri kiganja changu kiliingia. Niliogopa. Mama huyu hatembei. Watoto niliwapeleka kwa jirani yetu Mrundi, nikarudi peke yangu.

Mama mkwe akaniambia, "Acha miye hapa, mutoto wangu. Weye uko na batoto."

Udongo ulikuwa ukidondoka kwenye shuka lake, punje kwa punje. Nilipiga magoti. Nikasema tu, "Yesu, shika ukuta." Nikamshusha juu ya mkeka, nikaanza kuvuta.

Akanung'unika, "Unanivuta kama gunia ya muhogo?"

"Gunia haisemake, Mama," nikamjibu, huku nalia.

Tulipovuka kizingiti, sehemu ya chini ya ukuta iliteleza kuelekea shimoni, na ya juu ikalala kitandani. Ndugu zangu, kitanda kilivunjika kama kijiti! Ukuta ule ulikuwa umesimama tangu asubuhi juu ya tope. Nani aliushika?

Kiangazi tulijenga tena, kwa udongo uleule, juu ya msingi wa mawe. Shimo tulilifukia kwanza. Hata hivyo, mvua ikianza kupiga mabati, mkono wangu bado unakwenda ukutani kupapasa, na mama mkwe ananiambia nilale.

Nawe uliyeona ufa nyumbani mwako leo, usione haya kuogopa. Mwite Bwana, kisha vuta mkeka. Yeye atakushikia ukuta mpaka uvuke. Amina.