Silinda ya Tatu

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kunyolea, limeegemea ukuta, mguu wake mmoja umekalia tofali. Wanaokaa hapo mchana ni walewale. Breki aliendesha mabasi miaka thelathini, na mpaka leo mtu akipiga honi mguu wake wa kulia unakanyaga chini wenyewe. Saa Mbovu ni fundi saa ambaye saa tano za ukutani kwake hazijawahi kukubaliana. Bi Kahawa hutuuzia kahawa kutoka kwenye birika lake. Halafu kuna Msafiri, ambaye hajawahi kusafiri. Jina tulimpa siku aliponunua lile gari kuukuu la kulala, lenye kitanda na jiko dogo la gesi ndani, injini ikiwa nyuma. Miaka kumi na moja lilisimama ubavuni mwa nyumba yake, hatua ishirini kutoka kwetu. Siku ninayoisema, saa saba mchana, lilikuwa likinguruma na kutetemeka hadi vikombe vya Bi Kahawa vinagongana.

— Linamisi hilo, linaruka mapigo, akasema Breki.

— Najua linamisi, akajibu Msafiri, mikono myeusi tii hadi viwikoni. Nalijua tangu Jumapili. Plagi zote nne mpya. Waya mpya. Kabureta nimeifungua nikaiosha mpaka vile vitundu vyake vyembamba kama sindano. Petroli ya zamani nimemwaga yote.

— Basi ni uvivu. Gari likikaa sana linasahau.

— Linasahau nini? akauliza Saa Mbovu.

— Barabara, bwana! Lipigwe mbio kilomita hamsini, litakumbuka.

— Wewe Breki ndiyo maana walikustaafisha. Mle kwenye bomba la moshi kuna panya. Tena amezaa.

— Panya gani anazaa kwenye moto?

— Panya wa siku hizi.

Bi Kahawa akammiminia Saa Mbovu kikombe.

— Mimi naona linamlilia yule aliyekuwa nalo kwanza, akasema. Msinicheke. Hata cherehani ya marehemu dada yangu ilikataa kushona mwezi mzima.

— Sikilizeni watu wazima, Breki akasimama kabisa. Pale lilipoegeshwa pana mteremko. Miaka kumi na moja mafuta yanaegemea upande mmoja! Silinda za huku zimeshiba, za kule zina njaa. Ligeuzwe lilale upande wa pili wiki moja.

Tulicheka mpaka mteja wangu akaniambia niweke wembe chini kwanza. Msafiri hakucheka. Aliizima injini, akaja akaketi chini, mgongo ukutani, ingawa benchi lilikuwa na nafasi.

— Jamani, nilitaka tuondoke kesho alfajiri.

— Si ulisema mwisho wa mwezi? nikamuuliza.

— Jana nilimrudisha mke wangu kwa daktari wa macho. Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia limebaki kama kitundu cha ufunguo. Nikamuuliza daktari lina muda gani. Akasema, mzee, kama kuna kitu anataka kukiona, mpeleke sasa.

Mke wake sisi tunamwita Shemeji. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na miwili. Uti wa mgongo ukamwisha kabla ya macho. Alizaliwa karibu na maporomoko ya maji, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu, akaondoka huko ana miaka tisa. Kila mwaka walisema watakwenda. Kila mwaka palitokea jambo: ada, mvua, msiba, mjukuu.

— Basi mpandishe kwenye basi la abiria, akasema Breki kwa sauti ya chini.

— Hawezi kukaa nusu saa, Breki. Ni lazima alale. Ndiyo maana nililinunua hili. Jana njiani nikamwambia, hata tukichelewa, utayasikia. Akaniambia, sauti yake ninayo tayari, mume wangu. Nataka kuyaona.

Saa Mbovu akaweka kikombe chini. Sijapata kumwona akiacha kahawa nusu.

— Liwashe, akasema.

Likawashwa. Akainama nyuma ya gari, akafumba macho kama anavyofanya na saa za watu.

— Tatu zinagonga. Moja iko kimya. Bi Kahawa, nipe kitambaa kikavu.

Akakishika kitambaa, akachomoa waya wa plagi ya kwanza. Injini ikayumba ikataka kuzima. Akaurudisha. Wa pili, vilevile. Akachomoa wa tatu. Hakuna kilichobadilika. Mtetemo uleule, mlio uleule, kana kwamba waya ule haukuwahi kuwepo.

— Ndiyo hiyo. Zima. Toa plagi, halafu weka kidole gumba pale kwenye tundu. Breki, kaguse ufunguo kidogo tu.

Msafiri akaziba tundu kwa kidole. Breki akazungusha. Upepo ulitakiwa umrushe kidole. Tulimtazama usoni.

— Tena, akasema Msafiri.

Breki akazungusha tena.

— Tena, Breki. Nakuomba.

— Nimezungusha mara tatu, ndugu yangu.

— Hakuna kitu, akasema Msafiri. Hata pumzi ya mtoto.

— Vali imeungua, upepo wote unavuja, akasema Saa Mbovu. Injini ishushwe, ifunguliwe. Na vali yake sijui utaipata wapi. Kuagiza ni miezi miwili, ukibahatika.

— Nenda na tatu, Breki akadakia. Polepole! Mimi nitaendesha.

— Milima yote ile, na tatu?

Breki akashuka garini. Yeye ndiye aliyeijua milima ile kuliko sisi sote. Msafiri alibaki ameinama, kidole bado kiko kwenye tundu, mabega yanacheza. Nilimwona Bi Kahawa akigeukia ukutani.

Hapo ndipo tulipomsikia Shemeji. Alikuwa amejilaza baada ya chakula. Alitoka mlangoni pake bila viatu, mkono mmoja ukipapasa ukuta, akatembea hivyo mpaka ubavuni mwa gari. Uso wake ulikuwa mtulivu, bado una alama ya mto. Jua la saa nane lilikuwa limempiga sawasawa, na hakukunja hata kope.

— Mmekaa sana leo, akasema. Nimelala mno, naona. Baba watoto, kwani jua limeshazama?

Breki alinitazama mimi, mimi nikamtazama Saa Mbovu. Msafiri alikitoa kidole kwenye tundu, akakifuta kwenye shati lake jeupe, akaenda akamshika mkewe mkono. Akamkumbatia tu, palepale juani, na Bi Kahawa akaanza kukusanya vikombe vyetu, kahawa ikiwa bado ndani.