Bi Mwanamize na Watoto wa Ngazi ya Tano

"Data isiyokaa mahali pake si data." Ndivyo alivyotuambia Bwana Fahd, mshauri wetu wa mifumo, na wakubwa wakaitikia kwa vichwa. Si kweli. Bi Mwanamize Kificho, anayestaafu tarehe 30 Juni 2017 baada ya miaka ishirini na mitatu katika kitengo chetu cha takwimu za chanjo hapa Chake Chake, ndiye aliyetuonesha kwamba si kweli.

Alianza kwa kalamu na kadi. Kompyuta zilipoletwa, wengi wetu tulizifunika vitambaa, yeye alizifungua. Hasira zake tunazijua. Ukigusa feni yake, umejitakia.

Faili zetu za XML hupanga taarifa ndani ya taarifa: ndani ya kaya yumo mama, ndani ya mama yumo mtoto. Programu ya Bwana Fahd ilishuka ngazi hizo tatu tu, ikahesabu, ikafunga. Lakini kisiwani Makoongwe mtoto hulelewa na bibi, au na shangazi anayeishi kwa bibi, na mama huandikwa chini yao, hivyo jina la mtoto huangukia ngazi ya nne au ya tano. Programu haikufika huko. Chanjo zikapelekwa pungufu, watoto wakarudishwa nyumbani bila sindano.

Kikaoni Bi Mwanamize akamwuliza: "Fahd, mwanangu, wewe kakulea nani?"

"Bibi yangu, Pujini."

"Basi kwa programu yako hujazaliwa. Kaa kitako!"

Tulicheka, na Fahd mwenyewe akacheka. Bi Mwanamize akaandika upya swali ambalo programu huliuliza faili: badala ya kutaja njia ngazi kwa ngazi, akaweka mikwaju miwili, //, mbele ya neno "mtoto", yaani mtafute popote alipo, juu au chini kabisa. Watoto wakaonekana. Boti iliyofuata ilibeba chanjo za kutosha.

Sasa nasikia mfumo mpya utarudisha ngazi tatu, eti kwa ajili ya kasi. Kasi ya kumwacha nani?

Bi Mwanamize, ahsante. Mungu akupe afya na raha nyumbani kwako Wesha. Feni ichukue, ni yako.

Na nyinyi vijana wa mifumo mtakaokalia kiti chake Jumatatu: mikwaju ile miwili msiiguse. Atakayeifuta apande boti aende Makoongwe, akamwambie bibi, mbele ya mjukuu wake, kwamba mtoto huyo hayupo.