Mama Nyundo Aliyemfungia Mumewe Barabara

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha ukaguzi wa barabara, mhandisi wetu mkuu anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Sisi humwita Mama Nyundo, kwa kuwa alipoanza kazi, lami ilikaguliwa kwa kugongwa nyundo na kutegewa sikio. Hana papara, wala hapendi kuharakishwa, hasa na watu wenye tai.

Tai zilikuwa nyingi mwaka tuliponunua rada ya kupenya ardhi, inayoonyesha kilicho chini ya lami. Mitambo miwili ilijaribiwa kwenye barabara ya mabasi, ambako bomba lilikuwa limepasuka, na Mama Nyundo alihofia kwamba udongo chini ya lami umesombwa na maji. Wa kwanza, uliofungwa nyuma ya gari, ulipita mbio ukaonyesha barabara salama salimini. Wa pili, kigari cha kusukuma kwa mikono, ulionyesha kivuli cheusi, dalili ya shimo. Muuzaji wa ule wa mbio alisema kivuli hicho ni usumbufu wa nyaya za umeme tu, na kamati ya ununuzi ilikuwa imeshampenda.

Mama Nyundo akaifunga barabara na kuagiza itobolewe. Mkurugenzi alimpa hadi saa sita mchana. Akikosea, unanunuliwa mtambo wa mbio na mabasi yanarudi palepale. Foleni ikajaa. Aliyepiga honi kuliko wote alikuwa dereva wa basi la mbele, mume wake wa ndoa.

Tobo la kwanza likatoa udongo mgumu, mzima kabisa. Mkurugenzi akatazama saa. Mama Nyundo akainama na kuminya tairi la kigari, lile linalopima umbali. Lilikuwa limepungua upepo, na hakuna kati yetu aliyelikagua asubuhi. Tairi laini huzunguka mara nyingi zaidi, hivyo umbali tuliosoma kwenye kigari ulizidi ule halisi, nasi tulipoupima kwa utepe tulitoboa mbele ya kivuli. Akarudi nyuma hatua chache, akachora alama kwa chaki, akaomba patobolewe hapo.

Keekee ya kutobolea ilipita lami ikazama yote, nusura fundi wake aifuate. Chini palikuwa na pango la kumeza basi. Honi ikanyamaza. Dereva alishuka, akachungulia, akaketi ukingoni mwa barabara. Mkewe alimpelekea maji ya kunywa, kisha akarudi kazini.

Tulinunua kigari, pamoja na pampu ya upepo. Hadi leo hakuna anayekisukuma kabla ya kuminya tairi.

Asante, Mama Nyundo, kwa kutoiogopa saa ya mkurugenzi. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha. Dereva wako tumemwambia akuwekee kiti cha mbele. Panda, ulale usingizi njiani. Ya chini ya lami tutayaangalia sisi.