Surinder Singh Bhamra, Fundi Aliyekataa Kusaini

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Surinder Singh Bhamra anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya boti za utalii kwa miaka ishirini na tisa. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya hafla, na nimeuandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachoongea hapa gatini, huku ughaibuni: yeye wa Nakuru, nahodha Fortunat wa Bukavu, mimi wa Unguja.

Alianza mwaka 1996 akiwa fundi msaidizi. Kufikia 2008 alikuwa fundi mkuu. Kila asubuhi hutoka kwake Rayners Lane na chupa ya chai, pamoja na mogo, yaani muhogo, ya kukaanga ambayo mkewe, Ravinder Kaur, huipakia ya kutosha watu sita. Injini huisikiliza kwa bisibisi ndefu aliyoiegemeza sikioni, naye hutaja ugonjwa kabla kompyuta haijawaka. Kwenye sanduku lake la zana ameandika USIGUSE. Mafundi wa kukodi hawajui neno hilo, lakini maana yake hujifunza siku ya kwanza.

Ningependa kuendelea hivi hadi mwisho. Lakini nikiyaruka ya mwaka jana, nitakuwa nimeandika wasifu wa mtu mwingine.

Aprili mwaka jana ofisi iliamua injini zetu zikamate kasi haraka zaidi. Flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini linalopeleka nguvu kwenye pampu ya kusukuma boti, iondolewe. Mahali pake ifungwe fleksipleti, sahani nyembamba ya chuma inayofaa kazi hiyo kwa uzito mdogo. Surinder aliunga mkono. Boti hizi hugeuzwa na maji yanayorushwa na pampu, kwa hiyo injini ikiitika upesi, nahodha naye hukata kona upesi. Alichokataa ni bolti. Za flaiwili ni ndefu, kwa kuwa gurudumu ni nene. Ukizitumia kwenye sahani nyembamba, ncha hugota mwisho wa tundu kabla bolti haijaibana sahani. Mkono unahisi imekaza, kumbe sahani inacheza.

Aliomba bolti fupi. Meneja wa karakana akasema zitachukua siku nne na msimu umeshaanza, akaandika kwenye fomu ya maombi: tumia za zamani. Surinder akakataa kusaini kwamba boti ni salama. Kwa hilo akapewa barua ya onyo, eti amechelewesha kazi. Fundi wa kukodi akazifunga zile ndefu, na meneja akasaini mwenyewe.

Siku ya tisa, karibu na daraja la Wandsworth, sahani ilipasuka. Injini ikanguruma, pampu ikasimama. Fortunat alikuwa na abiria kumi na mmoja, maji yanakupwa kwa nguvu, boti inakwenda ubavu kuelekea nguzo ya daraja. Alitupa nanga, ikaburuta, kisha ikashika zikiwa zimebaki hatua chache tu. Hakuna aliyeumia.

"Nilihesabu watoto yangu mu kichwa, moja moja," aliniambia aliporudi.

Na nani alisimamishwa kazi? Surinder. Ripoti ya kwanza ilidai fundi mkuu hakukaza bolti vizuri. Mtu wa miaka sitini na nne, ambaye hajawahi kuachia boti yenye hitilafu, alikaa nyumbani wiki tatu akingoja kuitwa. Bi Ravinder alinieleza kwamba bado alikuwa akiamka alfajiri na kuvaa nguo za kazi.

Mimi ndiye mtunza bohari, na fomu za maombi hubaki kwangu. Niliipeleka ile fomu kwenye kikao cha kusikiliza shauri lake nikaiweka mezani, mwandiko wa meneja ukiwa juu. Surinder alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema:

"Kazi sikukataa. Nilikataa kuandika jina yangu hapo."

Kesho yake alirudishwa kazini. Bolti fupi zikaagizwa, akazifunga kwa mkono wake kwenye boti zote nne, na hadi leo hakuna iliyolegea.

Hakuna pia aliyemwomba radhi. Meneja alihamishiwa makao makuu, tena kwa cheo cha juu. Barua ya onyo ingali kwenye jalada la Surinder. Wafanyakazi wote kumi na saba tulisaini ombi kwamba iondolewe. Tukajibiwa kwamba onyo hudumu miezi kumi na minane, litafutika lenyewe Oktoba. Oktoba hatakuwapo. Huo ndio mkono wa kwaheri waliompa.

Surinder amesoma rasimu ya ukurasa huu, akaniomba nipunguze hasira. Nimepunguza.

Asante, Fundi, kwa kila boti iliyorudi gatini salama na kwa kila mmoja wetu uliyemfundisha kuuliza bolti ina urefu gani. Wewe na Bi Ravinder tunawaombea afya, usingizi hadi jua litoke, na miaka mingi ya kunywa chai bila kutazama saa. Ile barua tuachie sisi.

Bhavna, bohari ya vipuri