Bendi Inaponyamaza Mbele ya Benchi Letu

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, nalo liko kati ya kibanda cha kinyozi na jiko la Bi Mkubwa, muuza kahawa. Kila bendi ya matarumbeta ya kijiji ikipita hapa hunyamaza ghafla katikati ya wimbo, ikasimama, kisha ikaendelea. Imekuwa hivyo miaka yote. Leo mwalimu wa hesabu atapuliza kwenye bendi hiyo tarumbeta kubwa aliloachiwa na marehemu babu yake. Ni mara yake ya kwanza, na anaogopa kumwaibisha mzee wa watu. Amekuja kutuuliza sababu, maskini, kama vile sisi tunajua kitu.

KINYOZI: Mwanangu, bendi hii aliianzisha babu mzaa babu yangu. Siku hiyo alikuwa ananyoa chifu, wembe uko kooni. Wangepuliza hapa, tusingekuwa na chifu.

SPOKU, fundi baiskeli: Muongo huyu! Nyuki waliingia kwenye tarumbeta. Watu wakangoja watoke. Subira yavuta heri.

KINYOZI: Wakatoka?

SPOKU: Watoke wapi? Wakajifunza wimbo. Wale ndio bendi ya kwanza.

FUNDI KOTI, mshonaji: Bi Mkubwa, niongezee. Jamani, hapa palikuwa na mlima.

KINYOZI: Ukaenda wapi?

FUNDI KOTI: Si walipuliza! Toka siku ile wananyamaza, wasije wakahamisha na soko. Mficha uchi hazai.

SPOKU: Uchi unahusu nini na mlima?

FUNDI KOTI: Wewe kunywa kahawa.

Tukanywa. Mwalimu akapakata tarumbeta lake.

MWALIMU: Nimewasikia, wazee wangu. Sasa nihesabu mpaka ngapi ndipo nipulize tena?

Kinyozi akakung'uta taulo ambalo halikuwa na nywele.

BI MKUBWA: Babu yako hakuwa akihesabu. Alikuwa anasimama hapa anywe kahawa yake. Akimaliza kikombe, anapuliza, na wenzake wanafuata.

KINYOZI: Miaka yote hiyo, mbona hukusema?

BI MKUBWA: Nani aliniuliza?

Mwalimu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akajifuta, akanyoosha mkono.

MWALIMU: Basi na mimi niwekee changu, bibi.

Bi Mkubwa akainamisha birika. Halikutoa hata tone. Sote tukatazama vikombe vyetu. Ng'ambo ya soko ngoma ikaanza kuita wapigaji wa bendi. Spoku, ambaye sijawahi kumwona akikimbia, akanyakua birika akatimua mbio kwenda bombani.

BI MKUBWA: Na hayo maji yatachemka saa ngapi?