Mama Esnah na Swali la Pale Boila

Baada ya miaka ishirini na minane katika idara ya kunyausha majani ya chai hapa kiwandani, Mama Esnah Bonareri anastaafu tarehe 31 mwezi huu na kurudi kwake Sotik. Nilikuwa nimemwandikia wasifu mzuri, umejaa vyeti na pongezi. Baada ya sherehe ya kumuaga ya Ijumaa nimeurarua.

Alianza kama kibarua wa kufagia, akapanda hadi msimamizi. Kila asubuhi, kabla ya kuingia kazini, alipitia boila kwa Mzee Kiptum, mchochea moto. Kiptum alimuuliza, "Umelala aje?" akamtazama usoni, basi. Kiwanda kizima, mimi nikiwemo, tulijua hayo ni mahaba. Tuliwatania mpaka tukachoka.

Ijumaa Mama Esnah alishika maikrofoni, akatuambia kwamba kabla ya kuajiriwa hapa alikuwa amelazwa wodi ya wagonjwa wa akili. Jamani! Chemutai wa ofisi alisahau keki mdomoni. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi alimsihi asiache dawa, na atafute mtu mmoja wa kumwangalia, amweleze dalili za ugonjwa kurudi: usingizi kupotea, maneno kwenda mbio, kugawa vitu ovyo. Alipopata kazi hapa alimchagua Kiptum, kwa kuwa mzee huyu hajui kumbembeleza mtu, angemwambia ukweli.

Mnakumbuka mwaka ule alipotugawia gambuti, sweta na hata chupa yake ya chai? Sisi tulimsifu kwa ukarimu, tukamwombea baraka. Aliyeshtuka ni Kiptum peke yake. Alimwachia mwenzake boila, akampeleka kliniki Kericho siku hiyohiyo. Nasi tukasema wametoroka pamoja! Chelimo, mke wa Kiptum, aliyejua yote tangu mwanzo, Ijumaa alicheka hadi machozi. Mimi bado nimeduwaa.

Kisha Mama Esnah akasema anaogopa. Huko Sotik ataishi peke yake, na hajui nani atamuuliza.

Kiptum, ambaye hajawahi kuhutubia hata kuku, akasimama. "Mimi nitapiga simu kila asubuhi kabla niingie boila. Usiposhika, nakuja Sotik na hizi gambuti za kazi miguuni."

Asante, Mama Esnah, kwa kazi yako na kwa kutuamini. Chupa yako ya chai Chemutai ameirudisha, abarikiwe. Tunakuombea miaka mingi ya usingizi mzuri. Na simu ikilia asubuhi, hasa ukiwa hukulala, tafadhali shika.