Nguvu za Gia

Benchi letu liko nje ya kibanda changu cha kushona viatu, limelegea upande mmoja kwa uzito wa Gia. Gia aliendesha lori la mizigo miaka thelathini na mbili, na jina hilo alilipata hukohuko barabarani. Mwalimu alifundisha sayansi mpaka akastaafu. Redio ni kinyozi wa mlango wa pili; wateja wakikatika huja kutusomea habari za mtaa mzima. Kila siku saa kumi jioni Mwalimu huleta birika la kahawa, tukakaa kuzungumza ya zamani. Jioni moja Gia alitoa kopo mfukoni, akameza vidonge viwili kwa kahawa.

— Vya nini hivyo? akauliza Mwalimu.

— Homoni. Na virutubisho ndani yake. Vya wanaume tuliovuka sitini. Vinarudisha nguvu.

Redio akajipiga paja.

— Si niliwaambia? Gia anaoa!

— Acha ujinga wewe.

— Mtu na mvi zake anameza homoni, tumfikirie nini?

Nikasema mimi:

— Lakini huyu alikuwa na nguvu, jamani. Mnakumbuka? Anabadilisha tairi la lori peke yake, shati jeupe, na halichafuki.

— Na shemeji amekaa kiti cha mbele anakula machungwa, akasema Redio, anamtupia maganda kichwani!

Gia akatabasamu.

— Alikuwa akisema naendesha kama nimebeba mayai. Safari nzima ananiimbia nisilale.

Kila mmoja wetu aliliona tena lile lori la bluu likikata kona, na mkono wa shemeji nje ya dirisha.

— Homoni hupungua na umri, akasema Mwalimu. Ni kawaida ya mwili.

— Wapi! Zimeisha tangu tuanze kukalia viti vya plastiki, akasema Redio. Zamani tulikalia mbao.

— Labda simu, akasema Mwalimu. Unaiweka mfukoni, inazichemsha.

— Mwalimu mzima unasema hivyo?

— Mimi naona ni soli za mpira, nikasema. Enzi za soli za ngozi hamkusikia mtu ameishiwa homoni.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kiatu chake akacheka. Alikuwa muuguzi mstaafu, amehamia mtaa wa nyuma mwezi ule.

— Kaka, naomba nilione hilo kopo.

Akalisoma, akaligeuza, akalisoma tena.

— Ulipimwa damu kabla ya kupewa?

— Muuzaji alinitazama tu, akasema nimechoka.

— Presha unayo?

— Ninayo.

— Sasa hizo nguvu unazitaka za kufanyia nini?

Gia akainamisha kichwa. Yule mama akatutazama sisi, kana kwamba marafiki tungejua. Tulikaa naye kila siku, na hakuna aliyejua.

— Za kumwinua mke wangu, Gia akasema hatimaye.

Tulijua shemeji alipata kiharusi. Tulikwenda kumwona mara moja, tukanywa chai, tukaondoka.

— Kila asubuhi namtoa kitandani namweka kwenye kiti. Jumanne mikono ilinikataa. Tukaanguka wote wawili. Tulikaa sakafuni mpaka jirani alipopita saa tano. Mimi nalia, yeye ndiye ananibembeleza.

Muuguzi akamrudishia kopo.

— Kesho twende wote kliniki na kopo lako, akasema muuguzi. Homoni ni tiba ya mtu aliyepimwa ikaonekana zimempungua, tena daktari akamfuatilia. Kwa presha yako, usimeze kingine kabla hajakuona. Na kumwinua mgonjwa kuna namna yake, kaka. Mimi nimeinua watu wazito kuliko nyinyi wote. Nyumbani ni wapi?

Nilifunga kibanda. Redio aliacha mkasi wake mezani. Tukaenda.

Shemeji alikuwa amelala chali, amepungua sana. Muuguzi alimsalimia, akamweleza anachotaka kufanya, akasubiri akubali kwa kichwa. Akamkalisha ukingoni mwa kitanda, nyayo zikagusa sakafu. Akamfunga mkanda mpana wa Gia kiunoni.

— Kunja magoti, kaka, mgongo uwe wima. Goti lako likinge goti lake. Shika mkanda, usimvute mikono. Mwalimu, simama upande dhaifu. Shemeji yenu ainame mbele kidogo. Moja, mbili, tatu.

Akasimama. Bila kelele, bila jasho, shemeji akasimama.

Maneno yake siku hizi hutoka polepole. Alitutazama mmoja mmoja, mimi na Redio tumejazana mlangoni na viatu mikononi.

— Nani... amekufa?

Tulicheka mpaka Redio akajifuta machozi. Gia hakucheka. Alikuwa amemshikilia mkewe, kidevu kwenye kilemba chake, amefumba macho.

— Haya, mgeuze taratibu umkalishe, akasema muuguzi.

— Bado, akasema shemeji.